Vijiti vya penseli nyuma ya Biblia ya mama

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Hii stori nimekaa nayo muda mrefu bila kuisimulia, maana kila nikitaka kusimama mbele za watu nitoe ushuhuda naona haina ule mwisho ambao watu wanausubiri wapige makofi, mwisho wake umekaa nusu nusu, furaha upande huu msiba upande ule, basi leo nimeona niandike tu, atakayesoma asome.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, aliondoka nyumbani mwaka 2009. Hakufukuzwa. Pombe ilikuwa imeshamshika, na siku moja tukaamka hayupo na akiba ya mama haipo, ile aliyokuwa anaitunza kidogo kidogo kwa miaka. Simu ikawa haipatikani, mwezi ukapita, mwaka ukapita. Mama hakusema neno hata moja baya juu yake mpaka mimi nikawa namkasirikia na mama pia, yaani nlikuwa nasema huyu mama haumii au vipi. Alichoniambia ni kitu kimoja tu, "mwombee mdogo wako". Basi.

Nikaanza kumwombea. Na hapa niseme ukweli maana ndio sababu ya kuandika. Nlikuwa naomba kama mtu aliyekwenda kufungua kesi. Mnaujua ule mfano wa Luka 18, yule mjane aliyekuwa anamwendea kadhi dhalimu kila siku anamwambia "nipatie haki na adui wangu"? Mimi nliupenda sana huo mfano, nlikuwa nauombea kabisa kwa kupiga goti saa kumi na nusu alfajiri, Bwana mrudishe, Bwana mrudishe, lakini ukinichimba ndani adui wangu alikuwa ni yeye mwenyewe mdogo wangu. Nlitaka arudi ili aaibike, nlitaka aje alie mbele ya mama na mimi niwe nimesimama pembeni naangalia. Maombi ya namna hiyo kwa nje yanafanana kabisa na maombi ya upendo, maneno ni yale yale, machozi yale yale, hata anayekusikia chumba cha pili hawezi kujua.

Kingine ambacho nlikuwa sikielewi ni huyo kadhi. Nimesikia huo mfano ukihubiriwa mara nyingi kwamba msumbue Mungu, mng'ang'anie, mpaka achoke akupe, na mimi nikaamini hivyo, nikawa napiga hesabu kabisa, nikifunga siku tatu hajajibu nafunga saba, nikikesha Ijumaa hajajibu nakesha na Jumamosi, kama mtu anayegonga geti la ofisi ambayo wenyewe wamejifungia ndani wanachungulia dirishani. Lakini soma vizuri uone, Yesu hasemi Mungu yuko kama yule kadhi. Anasema kama hata mtu dhalimu, asiyemcha Mungu wala kujali watu, alimpa mjane haki yake asije akachoshwa, je Mungu si zaidi? Kadhi pale ni kinyume cha Mungu. Ndio maana mstari wa kwanza unasema imewapasa kumwomba Mungu siku zote wala wasikate tamaa, anayezungumziwa kuchoka pale ni sisi. Mimi hilo nlilijua nikiwa nimeshachoka tayari.

Mama akaanza kuumwa 2013. Sitaeleza ugonjwa wenyewe. Nikawa na maombi mawili kwa wakati mmoja, mama apone na mdogo wangu arudi, na kichwani kwangu yote mawili yakawa kitu kimoja, kwamba mama atapona, huyu atarudi, atamkuta mama amekaa. Nlikuwa naiona hiyo picha kabisa. Watu wa maombi wakasimama na sisi, nawashukuru mpaka leo, wengine walikuja usiku wamechoka na kazi zao wakapiga magoti wakasinzia hapo hapo chini na mimi nikawafunika shuka. Ila akaja mtumishi mmoja, simtaji, akanivuta pembeni akaniambia mama haponi kwa sababu ndani ya hii nyumba kuna mtu hana imani na amemfungulia shetani mlango, na alikuwa ananiangalia mimi usoni.

Jamani. Mtu akishakwambia hivyo humalizi maombi hata siku moja bila kujikagua. Badala ya kuongea na Mungu unakaa unajisikiliza, je hapo nimeamini au sijaamini, je hilo wazo limetoka wapi, unarudia sentensi kwa sauti kubwa zaidi ili ionekane umeamini. Nlikuwa natoka kwenye maombi nimechoka kuliko nilivyoingia. Na siku hizo hakuna aliyenikumbusha yule baba wa Marko 9 aliyemleta mwanae kwa Yesu akalia, "naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na mtoto akaponywa. Yule baba alikuja na imani nusu na akakiri kabisa kuwa ni nusu, na Yesu hakumwambia nenda kajaze kwanza ndio urudi.

Mama akalala Agosti 2015.

Nikaacha kuomba. Sikutangaza, kanisani nlikuwa naenda, nyimbo naimba, wakisema tuombe nainamisha kichwa nahesabu vigae vya sakafu. Miaka miwili. Watu wanafikiri kuacha kuomba ni kumkana Mungu, mimi sikumkana, nlikuwa nimemnunia tu. Ukiishi nyumba moja na mtu mliyenuniana unajua ilivyo, unamsikia anapita kwenye korido, unajua yupo, humsemeshi.

Katikati ya 2017 ndio nikapata nguvu ya kupanga vitu vya mama. Biblia yake nlikuwa nimeiweka ndani ya begi na sijaifungua toka msiba. Jalada lilikuwa limeachia, ameliunga na gundi ya karatasi ile ya kubandua, na gundi yenyewe imeshakuwa ya kahawia. Nikaifungua kwa nyuma kabisa, zile kurasa tupu baada ya Ufunuo. Juu ameandika kwa penseli "Luka 18:1" na jina la mdogo wangu. Chini yake vijiti. Vijiti vidogo vidogo vimesimama vinne, cha tano kimelala juu yao, kama watoto wanavyohesabu shuleni, fungu baada ya fungu, mstari baada ya mstari, mpaka ukurasa wa pili. Nikajua ni nini maana mama alikuwa anafunga kila Ijumaa na hakuwahi kutuambia anafungia nini, ukimuuliza anasema nina mazungumzo.

Nilihesabu. Vilikuwa 287. Mafungu 57 na vijiti viwili peke yake mwishoni.

Vya mwanzo vimesimama wima safi, vimekandamizwa mpaka unavihisi ukipitisha kidole nyuma ya karatasi. Kadiri unavyoshuka vinapinda. Vya mwishoni kabisa vimekuwa kama nyuzi, na vile viwili vya mwisho cha kwanza kimeanza juu kikashindwa kufika chini, cha pili ni kama nukta iliyovutwa. Kumbe hata pale kitandani aliomba mtu ampe Biblia na penseli, na aliyempa nadhani ni mimi, sikumbuki, nlikuwa bize na maombi yangu ya kupandisha imani.

Nilikaa chini sakafuni mchana mzima. Kilichonipiga sio kwamba aliomba sana. Ni kwamba kila kijiti kinahesabika sawa na kingine. Hakuna wiki aliyochora kikubwa kwa sababu amelia sana, wala hakuna alama ya kuonyesha hapa nimehisi amejibu, hapa sijahisi kitu. Kijiti. Wiki inayofuata kijiti. Mimi nlikuwa napima maombi yangu kwa joto lake, mama alikuwa anarudi tu. Na wiki ambazo aliumwa sana hakuchora, hakuja kuzijaza baadae kwa kudanganya, maana kuanzia alivyoondoka mdogo wangu mpaka mama analala wiki ni zaidi ya 287, nlipiga hesabu.

Ijumaa iliyofuata nikachukua penseli. Sikuwa na imani yoyote ya kusimulia, maombi yangu siku ile yalikuwa "Bwana sina la kusema" na nikakaa kimya kama dakika kumi na huku nina hasira. Nikataka nichore kijiti changu pale pale baada ya vile viwili vya mama, mkono ukagoma. Nikaona nitakuwa najipa sifa, kama vile sikuwahi kuacha. Nikaruka mstari mzima, nikaacha nafasi nyeupe, nikaanza chini yake.

Toka hapo nikajifunza vitu ambavyo kwa kweli ni vya aibu mtu mzima aliyeokoka miaka yote kuvijifunza ukubwani. Nilijifunza kusoma Zaburi kwa sauti siku ambazo sina maneno yangu. Zaburi ya 13 inaanza na "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" na mtu aliyesema hivyo hakupigwa radi, maneno yake yamewekwa kwenye Biblia tuyasome. Zaburi ya 88 ndio kabisa, inaanza gizani inaishia gizani, hakuna "lakini nitamsifu" mwishoni, na bado ni maombi. Nilijifunza kwamba Yesu mwenyewe Gethsemane aliomba mara tatu maneno yale yale, kwa hiyo kurudia sio lazima kuwe kule kupayuka alikokukataza, inategemea unamrudia nani. Na Paulo aliomba mara tatu ule mwiba wa mwilini mwake utoke, akaambiwa "neema yangu yakutosha", akaacha kuomba hilo. Hili la Paulo nililikwepa muda mrefu maana linauma. Kwa mama nlikuwa nimejibiwa na sikutaka kusikia jibu. Kwa mdogo wangu hakuna aliyeniambia inatosha, kwa hiyo niliendelea.

Mwingine niliyemfikiria sana ni mtumishi wa Eliya. Wote tunamzungumzia Eliya, ameinama kichwa katikati ya magoti anaomba mvua, lakini aliyepanda na kushuka ni yule kijana. Nenda katazame upande wa bahari. Anarudi, hakuna kitu. Nenda tena. Hakuna kitu. Mara sita anatumwa kutazama mbingu tupu na kurudi kutoa ripoti ya mbingu tupu, na hatujaambiwa hata jina lake. Ya saba ndio akaona wingu dogo kama mkono wa mtu. Mimi sina imani ya Eliya, ila kupanda kwenda kutazama naweza. Ijumaa nachora, naenda kutazama, hakuna kitu, nashuka.

Na hasira ikaanza kupungua bila mimi kuishughulikia. Sikuiona inaondoka, niligundua tu siku moja nimemwombea apate usingizi mzuri. Sio arudi, sio atubu, apate usingizi, maana kulikuwa na baridi usiku ule nikajiuliza amejifunika nini. Nikajishangaa mwenyewe. Kesi nlikuwa nimeiacha mahali fulani njiani na sikumbuki ni wapi.

Oktoba 2021, Jumanne mchana, sio Ijumaa, sio alfajiri, nimeshika kazi zangu, simu inaita namba ngeni. Nikakata, nikajua matapeli. Ikaita tena, nikakata. Ya tatu nikaiacha iite mpaka ikachoka yenyewe. Ndio ikaingia meseji, "Dada ni mimi. Pokea."

Mnaikumbuka ile ya Matendo 12, kanisa wamekesha wanamwombea Petro atoke gerezani, Petro katoka anagonga mlango, yule msichana Roda anakimbia kuwaambia yuko mlangoni wanamwambia una wazimu, na Petro anaendelea kugonga huko nje? Huwa nawacheka wale watu. Sasa mimi nimekata simu mara mbili.

Nikapiga. Sauti ilikuwa yake ila imekuwa nzito. Hatukusalimiana, alivuta pumzi akaniuliza, "Mama yupo?"

Miaka yote ile nimeomba arudi, nimeomba kwa hasira nimeomba bila hasira, sikuwahi kufikiria hata mara moja kwamba siku akirudi hilo ndilo swali la kwanza na mimi ndiye wa kulijibu. Nikanyamaza. Na yeye kwenye ule ukimya akaelewa, nikasikia simu imewekwa chini juu ya kitu kigumu, haijakatwa, nasikia upepo, nasikia watu wanapita wanaongea mambo yao, halafu kwa mbali namsikia. Nilikaa na simu sikioni karibu nusu saa. Sikuomba kwa maneno, ile Warumi 8 inayosema Roho anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa nadhani siku ile ndio niliielewa, maana hakuna sentensi ingekaa mdomoni.

Alikuja wiki mbili baadae. Amekonda, ana mvi, mdogo wangu ana mvi. Pombe ameacha mwaka na nusu, nikamuuliza ilikuwaje nikitegemea labda aliona maono au alisikia mahubiri mahali, akasema hapana, kuna mtu aliyekuwa anafanya naye kazi alichoka kumuokota, akamchukua akakaa naye kwake mpaka akatulia. Huyo mtu hata kuomba haombi. Nilitaka nimwambie ni Mungu amemtuma, nikaona nisiwahi kuisemea stori ya mtu. Mdogo wangu mwenyewe hajaokoka, tuelewane, anakuja kanisani mara moja moja ananisindikiza, anakaa nyuma karibu na mlango. Wapendwa wengine wameshaanza kuniuliza mbona bado hajampokea Yesu, utafikiri nimechelewa kurudisha fomu.

Watu pia wanapenda kunipa mfano wa Monica, mama yake Augustine yule mtakatifu wa zamani, kwamba alimlilia mwanae miaka na miaka mpaka askofu mmoja akamwambia haiwezekani mwana wa machozi kama hayo apotee. Ni kweli na mimi naupenda. Lakini Augustine alibatizwa Pasaka ya mwaka 387 na Monica akafa mwaka huo huo akiwa ameona. Mama yangu hakuona. Mwenye kunisaidia zaidi mimi ni George Müller, yule wa vituo vya yatima kule Bristol. Mwaka 1844 alianza kuwaombea watu watano waokoke, wa kwanza ilichukua mwaka na nusu, wa pili na wa tatu wakafuata miaka ya baadae, na miaka 36 baadae alikuwa anasema bado anawaombea wawili waliobaki. Alikuwa na majibu mengi ya kusimulia mzee yule, na bado akakubali kusema wawili bado.

Nilimwonyesha Biblia siku ya tatu tangu aje. Sikupanga, aliiona juu ya meza akaitambua kwa ile gundi. Nikamfungulia nyuma. Akaangalia jina lake juu pale, akaanza kuhesabu kwa kidole, midomo inacheza, akapotea akaanza upya. Akafika kwenye vile viwili. "Mbona hivi viko peke yake?" Nikamwambia. Akashuka kwenye nafasi nyeupe, "na hapa?" Nikamwambia hapo ni mimi, nlikuwa siongei na Mungu. Akauliza miaka mingapi nikasema miwili, akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia kitu anachokielewa vizuri sana, akasema, "Mimi ningeacha ukurasa mzima."

Akaomba alale nayo chumbani kwake. Nikampa, na penseli nikaiacha ndani kwa makusudi, sikatai, mimi ni binadamu, nlikuwa na picha yangu tena kichwani. Asubuhi nimeikuta mezani imefungwa vizuri, yeye ameshatoka. Nikaenda nyuma haraka haraka kukagua. Hakuongeza kitu, vijiti viwili vya mama viko vile vile.

Ilikuwa Ijumaa. Nikachora changu.